Uzito wa Mtakatifu Roko

Brigitha Haule alilala chali kwenye sakafu ya kanisa, akasukuma kichwa chake chini ya machela ya mtakatifu, akanyoosha mkono kuomba tochi.

"Sakafu hiyo ina baridi, dada," Padri Aloyce alisema. "Nikuletee hata zulia?"

"Asante, Padri. Sikai sana."

Alikaa sana. Padri alizitazama soli za viatu vyake kwa muda, mwisho akaenda kuketi kwenye benchi la mbele kando ya mzee Oronzo Quarta, aliyekuwa ameweka kofia magotini kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Nje, upepo wa Agosti ulikuwa ukipigapiga mabati ya ukumbi wa parokia. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Roko. Tangu Wataliano wa kusini walipohamia mitaa hii ya Blacktown, pembezoni mwa Sydney, kila mwaka sanamu ya Roko na mbwa wake ilitolewa kanisani ikiwa juu ya machela, ikabebwa mabegani kuzunguka mtaa, kisha watu wakala. Sasa Wataliano wale walikuwa wamezeeka. Mwaka huu Wakongo wa parokia waliombwa wabebe wao, na kiongozi wa wabebaji alikuwa Bahizire, mtu wa Bukavu. Ndiye pia aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba cha pembeni alimokaa mtakatifu.

Alhamisi walifanya mazoezi. Mzee Oronzo alikuja kutazama, na alichokiona ndicho kilichomfanya Padri ampigie simu Brigitha, Mtanzania mwenzake, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkaguzi wa madai katika kampuni ya bima kabla hajaanza upelelezi wa kujitegemea.

Brigitha alitoka chini ya machela akiwa na utando wa buibui kwenye nywele. Alijipangusa, akaketi kwenye benchi la pili, akazungumza na mzee kwa Kiingereza cha taratibu.

"Niambie tena, mzee wangu. Usiniambie unachofikiri. Niambie ulichokiona."

"Vijana wanne!" Oronzo alisema. "Wanne tu! Sisi tulikuwa wanane, wanaume wa kazi, wajenzi, na tulipofika kona ya kwanza kila mmoja alikuwa anatukana kimoyomoyo. Hawa wanne wakamnyanyua kama kikapu cha nguo za kuanika. Halafu wakaanza kucheza naye. Roko anacheza! Mbwa anacheza!"

"Ikakuudhi kwamba wanacheza?"

Mzee alifikiri kwa uaminifu. "Hapana. Mbwa alipendeza. Lakini mtu aliyechongwa kwa mti hachezi namna ile. Roko wetu ni wa mzeituni, gogo moja zima. Baba yangu na wenzake walimleta kwa meli kutoka kijijini kwetu, karibu na Lecce, kule kwenye kisigino cha Italia. Huyu hapa ni mwepesi. Kwa hiyo huyu siye."

Alifungua vifungo viwili vya shati, akavuta kola hadi bega likatokeza. Juu yake palikuwa na nundu ya nyama ngumu, kubwa kama yai la bata.

"Hii niliipata wapi, kama si kwa mzeituni?"

Brigitha aliinama akaitazama nundu ile bila haraka, kama alivyokuwa ametazama uvungu wa machela.

"Umewahi kumbeba yeye peke yake? Bila machela?"

Oronzo alishtuka kana kwamba ameulizwa kama amewahi kumbeba askofu mgongoni. "Hakuna anayemgusa! Akina mama wanampangusa vumbi palepale aliposimama. Amefungwa kwa bolti tangu sijaoa."

"Hata siku za kumpaka rangi?"

"Alipakwa akiwa amesimama. Sisi tunambeba na machela yake. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Sawa," Brigitha alisema. "Na unataka nini kifanyike?"

"Namtaka Roko wetu. Kamati ya sikukuu inakutana leo jioni. Asipopatikana, nitawaambia twende polisi. Mwenye ufunguo ni mmoja tu."

Padri Aloyce alimsogelea Brigitha, akashusha sauti na kuhamia Kiswahili. "Dada, Bahizire anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kule St Marys. Jina likiingia polisi kwa wizi, hata kama ni uongo, kazini wanamsimamisha mpaka mambo yaishe. Ana watoto wadogo. Na Wakongo wengine hawatakanyaga tena hapa, nami sitaweza kuwalaumu."

"Na kama ameiba kweli, Padri?"

Padri alikuna shingo. "Kama ameiba kweli, nitakushukuru vilevile. Ila shukrani zitachelewa kidogo kufika."

Brigitha alitabasamu. Alimrudia mtakatifu, akamzunguka. Roko alisimama wima akiwa na urefu wa mtu mfupi, joho la kahawia, fimbo ya msafiri, mkono mmoja ukifunua kidonda cha paja. Miguuni mwake mbwa mdogo mweupe alishika mkate mdomoni. Jukwaa la machela lilikuwa kama sanduku pana lisilo na kina kirefu, na mipiko ya kubebea ilipita pande mbili. Brigitha alikuwa ameona mambo mawili. Bolti zilizomshika mtakatifu zilifunikwa na rangi ya kijani ya zamani, na rangi hiyo haikuwa na ufa hata mmoja. Lakini skrubu za ubao wa chini, upande ambao hakuna anayetazama, zilikuwa mpya na ziling'aa.

Mlango wa nyuma ukafunguka, upepo ukaingia kwanza, kisha Bahizire. Alikuwa bado amevaa sare ya kazini ya buluu, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Padri, shikamoo. Maman, jambo." Alimtazama Oronzo, akakosa salamu ya kumpa. "Minatoka shift. Sijalala bado. Banasema mimi niliiba santu. Maman, niliipeleka wapi? Kwangu vyumba ni viwili na batoto bamejaa. Santu na mbwa yake balale wapi?"

"Kaa, kaka Bahizire," Brigitha alisema. "Nitakuuliza mambo machache tu. Uliibadilisha sanamu?"

"Hapana!"

"Uliigusa?"

"Miguu tu. Nikiomba."

"Kabla ya Alhamisi uliwahi kuibeba?"

"Hata siku moja. Nilifikiri iko vile, nyepesi. Nikasema, hawa Bataliano bana akili, batengeneza santu ya kubebeka. Kwetu tungetengeneza ya kutuua."

"Ufunguo uliwahi kutoka mfukoni mwako?"

Bahizire aligeuka akamtazama yule mbwa mweupe. Akamtazama kwa muda, kana kwamba mbwa ndiye aliyeulizwa.

"Ufunguo iko na mimi," alisema.

"Nimeuliza kama uliwahi kutoka."

"Iko na mimi, maman. Hii hapa." Aliutoa, akauonyesha, akaurudisha mfukoni.

Brigitha alitikisa kichwa taratibu. Kuhusu sanamu, mtu huyu alikuwa anajibu kabla swali halijaisha. Kuhusu ufunguo, aliacha swali likapoa.

"Muulize kuhusu gari!" Oronzo aliita kutoka kwenye benchi. Hakuelewa Kiswahili, lakini alielewa nyuso. "Jumatano kulikuwa na van nyeupe uani! Nilipita nikaiona, milango ya nyuma wazi!"

"Ya Trésor, binamu yangu," Bahizire alisema kwa Kiingereza. "Ilileta mahema ya kesho."

"Na ilirudi na nini?" Brigitha aliuliza.

"Na Trésor."

Brigitha aliomba namba, akapiga, akaweka simu kwenye spika. Trésor alikuwa kazini kwenye ghala moja kule Villawood. Nyuma yake mashine zilisikika zikilia.

"Jumatano uliondoka kanisani na mzigo gani?" Brigitha aliuliza baada ya kujitambulisha.

"Biti bibovu!" Trésor alipiga kelele. "Viti! Vya ukumbi, vimevunjika miguu! Padri aliniambia nitupe kwenye tip. Sijatupa, biko kwenye van mpaka leo. Unabitaka, maman? Nakuletea saa hii!"

"Hapana, baba, asante."

"Kimoja kinaketika kidogo!"

Padri alithibitisha habari ya viti, huku akiona haya kidogo kwamba havijafika jalalani. Oronzo alipotafsiriwa alinung'unika tu, kwa kuwa viti vile viliwahi kuvunjika chini ya watu wa kamati yake.

Nicole Bizimana aliwasili wakati huo na mkoba mzito begani. Brigitha alikuwa amemwita tangu jana. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye akakulia hapa hapa Blacktown, na kazi yake ni kutunza na kutengeneza sanamu za zamani. Sehemu ya ujuzi wake aliipata Lecce kwenyewe, alikokaa akijifunza. Alielewa Kiswahili chote alichoambiwa, lakini alikijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliolelewa huku.

Alimsalimia Oronzo kwa Kitaliano. Mzee alisimama mara moja, akavaa kofia ili apate ya kuvua.

"Binti huyu anasema kama mtu wa kwetu!" alimwambia Padri.

"Nimeishi juu ya duka la mkate, mzee," Nicole alisema. "Nilikuwa nasikia kila kitu." Alivaa glavu. Akakunja kidole, akagonga mpiko wa machela. Sauti kavu, ya mti. Akagonga joho la mtakatifu, upande wa mgongo, kwa upole. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na fupi, kama ya mtu anayegonga kitabu kinene kilichofungwa.

Nicole alipiga magoti, akatafuta ukingo wa joho ambako rangi ilikuwa imebanduka kidogo, akaweka lenzi. Kisha alitoa kamera ndogo yenye waya mwembamba, ya aina wanayotumia mafundi bomba, akaipenyeza kwenye tundu dogo chini ya joho. Kwenye skrini ya simu yake kulionekana nyasi. Nyasi kavu, zimefungwa kwa kamba kuzunguka waya, na pembeni tabaka baada ya tabaka la kitu cha rangi ya chai.

"Karatasi," Nicole alisema. "Karatasi na matambara, gundi ya unga, majani makavu ndani. Uso na mikono ni udongo uliochomwa. Ni kazi nzuri sana."

Oronzo aliketi. "Karatasi," alisema. Halafu akasimama tena, uso umemwiva. "Si nilisema! Wamechukua wa mti wakaleta wa karatasi! Ni bandia!"

Bahizire alifumba macho.

"Nani alimtengeneza huyu, mzee?" Nicole aliuliza bila kupandisha sauti. "Pale Lecce wana jiwe laini, unalichonga karibu kama sabuni. Umeyaona makanisa yao, kila ukuta una maua na malaika. Lakini mbao nzuri za kuchongea watakatifu zilikuwa haba. Sanamu za mti ziliagizwa Napoli, nazo zilikuwa za wenye uwezo. Kwa hiyo mafundi wa mji wakajifunza kuwatengeneza kwa karatasi. Wengine walikuwa vinyozi. Wateja wakikosekana, walikuwa wanaendelea na mtakatifu wao nyuma ya duka."

"Vinyozi," Padri Aloyce alirudia, akavutiwa.

"Njoo utazame hapa, mzee. Hii mikunjo ya joho." Alimpa Oronzo lenzi. "Mchongaji wa mti anatumia patasi, na patasi inaacha bapa. Unaona bapa? Hakuna. Unaona nini chini ya rangi, hapa ilipobanduka?"

Oronzo aliinama, pumzi yake ikipiga kwenye kioo cha lenzi. "Kahawia. Kama kuungua."

"Ndiyo. Fundi alikuwa na vyuma kama vijiko. Anavipasha moto, anakandamiza karatasi, inaungua kidogo na kukakamaa. Mkunjo haulegei tena. Kisha anapaka chaki na gundi, kisha rangi. Kazi hiyo haifanyiki kwa wiki moja. Na juu yake kuna tabaka nyingine za rangi, na katikati ya tabaka kuna moshi wa mishumaa. Mtu anaweza kughushi sanamu. Kughushi moshi wa maisha mazima ya parokia, sidhani."

"Tena bolti hazijaguswa," Brigitha alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema alichokiona. "Rangi ya kijani imezifunika na haina ufa. Asingeweza kutoka bila kuipasua. Mzee wangu, huyu ndiye Roko wenu. Hajawahi kuwa mwingine."

Mzee Oronzo alipeleka mkono begani, juu ya nundu, akauacha pale.

"Basi nimebeba karatasi?" aliuliza. "Maisha yangu yote? Nundu hii ni ya karatasi?"

Kulikuwa na jambo la kuchekesha hapo, lakini hakuna aliyecheka.

"Nundu yako ni ya kweli," Brigitha alisema. "Nimeiona. Kwa hiyo uzito ulikuwepo. Wewe hukuwahi kumbeba Roko peke yake, ulimbeba na kitu anachosimamia. Tulikuwa tunamchunguza mtu. Sasa tuchunguze kitanda chake. Kaka Bahizire, njoo upande huu. Padri, bisibisi."

Waliinua upande mmoja wa machela, Nicole akimshika mtakatifu kiunoni kwa mikono miwili kama anayecheza naye dansi. Brigitha alifungua skrubu zile mpya, moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye kitambaa. Ubao ukatoka.

Ndani palikuwa patupu. Lakini patupu pale palikuwa pametengenezwa. Fito za mbao zilipigiliwa kwa ustadi, sambamba, zikaacha vifereji virefu vyembamba, na kila kifereji kilitandikwa blanketi kuukuu. Kwenye blanketi palikuwa na alama za kutu, ndefu na nyembamba, zikiwa zimelala kama samaki kwenye sinia.

"Vyuma," Nicole alisema.

"Vyuma virefu vya mviringo," Brigitha alisema. "Na blanketi ili visigonge. Aliyefanya hivi hakutaka visikike." Alimgeukia Oronzo. "Ulijua?"

Mzee alitikisa kichwa kukataa. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Na wewe, kaka?"

"Maman, haki ya Mungu," Bahizire alisema. Safari hii hakumtazama mbwa. "Mimi sijafungua hii kitu."

"Najua hujafungua. Lakini unadhani unajua nani alifungua, ndiyo maana ufunguo umekuwa mzito kuliko mtakatifu."

Kabla Bahizire hajajibu, upepo ulivuma kwa nguvu, madirisha yakatetemeka, na uani wakasikika wanawake wakipiga mayowe. Wote walitoka nje.

Uani kulikuwa na sarakasi. Akina mama walikuwa wamesimamisha mahema kwa ajili ya kesho, na upepo ulikuwa umechukua mawili. Moja lilikuwa limelala juu ya uzio, miguu hewani. Jingine lilikuwa linabingirika kuelekea barabarani, na mama mmoja wa kwaya alikuwa amening'inia kwenye mguu wake akiliamuru kwa jina la Yesu lisimame. Bahizire na Padri walikimbia kumsaidia.

Brigitha hakukimbia. Alitembea hadi kwenye hema la tatu. Hilo lilisimama kimya. Chini yake, mama mmoja mnene mwenye kilemba cha njano alikuwa akigeuza mandazi kwenye mafuta kana kwamba mambo ya upepo yanahusu nchi nyingine.

Huyo alikuwa Léocadie, kiongozi wa kwaya, dada wa mke wa Bahizire.

"Maman Léocadie, hema lako halijui kama kuna upepo," Brigitha alisema.

"Halijui!" Léocadie alicheka. "Karibu, maman. Kula moja. Bale bengine bafunga na kamba. Nikabaambia, kamba itafanya nini? Mimi nilifunga na chuma."

Kwenye kila mguu wa hema, kwa vipande vya kitenge cha buluu, kulifungwa vyuma virefu vya mviringo, vyenye tundu juu, vyekundu kwa kutu.

"Vizuri sana. Ulivipata wapi?"

"Chini ya santu," Léocadie alisema, akigeuza andazi.

Oronzo, aliyekuwa amefika nyuma yao pamoja na Nicole, alisikia neno *santu* na kuona kidole kilichoelekea kanisani. Nicole alianza kumtafsiria pole pole.

"Jumanne tulikuwa tunapiga mop," Léocadie aliendelea. "Tukasogeza kitanda ya santu. Kitu ndani: ko, ko, ko! Nikasema, hiyo ni nini? Ubao wa chini ulikuwa umelegea, tukafungua. Kumbe mafundi bale ba kutengeneza paa balificha ferraille yabo, byuma bya kutupa! Chini ya santu! Mutu anamuombea bagonjwa, anasimama juu ya takataka kama mulinzi wa jalala! Nikasema, hapana, si mimi nikiwa hai. Tukatoa yote, tukapangusa, tukarudisha ubao na skrubu mpya. Nilinunua mwenyewe. Hata asante sikupata."

"Na chumba mlifunguliwa na nani?"

Léocadie alimtafuta Bahizire kwa macho. Bahizire alikuwa amerudi, hema likiwa begani kama mzoga. Alilitua.

"Nilimupa ufunguo," alisema. "Kamati ilisema usitoke mukononi mwangu. Nilikuwa na shift, Maman Léocadie alitaka kusafisha, nikatoa. Ni hiyo tu nilificha. Nilifikiri nikimutaja, na yeye batamuita mwizi."

"Nani mwizi?" Léocadie aliuliza, mwiko juu.

Mzee Oronzo alikuwa amechuchumaa kwa shida kando ya mguu wa hema. Alipitisha vidole kwenye chuma kimoja, akashika lile tundu la juu.

"Hivi ni vya madirisha," alisema. "Nyumba za zamani za Sydney. Chuma kama hiki kinaning'inia kwa kamba ndani ya fremu, ukisukuma dirisha linapanda lenyewe. Baba yangu alikuwa anabomoa nyumba hizo. Alileta vyuma hivi nyumbani, vingi. Mama alimuuliza vya nini. Akasema, vya kazi."

"Kazi gani?" Brigitha aliuliza.

Mzee aliinua uso. Kitu kilikuwa kimeanza kutembea kwenye mashavu yake, nacho hakikuwa kilio.

"Wakalabria," alisema.

"Akina nani?"

"Watu wa mkoa wa jirani kule Italia. Wana klabu yao huku, na Bikira Maria wao ni wa mti. Wa mti kweli, mkubwa kama kabati. Nilipokuwa mdogo walikuja kwenye sikukuu yetu, wakajipanga kando ya barabara, wakatupigia kelele. 'Mnabeba mto wa kulalia! Angalieni asipeperuke!' Baba yangu alirudi nyumbani hakula. Sikuelewa ni mto gani. Mwaka uliofuata walikuja tena, baba akamwita mkubwa wao ashike mpiko ajaribu. Yule mtu alijaribu. Akanyamaza. Hawakurudi kutucheka tena." Alishika mguu wa hema ili ainuke. "Nilifikiri walipatana!"

Hapo kicheko kilimkamata. Alicheka hadi kofia ikaanguka, upepo ukaichukua, Nicole akaikimbilia. Padri alianza kucheka kwa sababu mzee anacheka. Léocadie, ambaye hakuwa ameelewa hata nusu, alicheka kuliko wote.

Brigitha alichukua chuma kimoja, akaingia nacho kanisani, akakilaza kwenye kifereji cha mbao. Kililala juu ya kutu yake bila kubakiza nafasi. Akarudi uani akiwa ameridhika.

Alikuta kicheko kimekwisha. Bahizire alikuwa ameweka ufunguo mezani, kando ya sinia la mandazi.

"Nafurahi imeonekana," alikuwa akimwambia Padri kwa Kiswahili. "Lakini kesho mutafute bengine. Mutu ameniita mwizi mbele ya batoto bangu. Kesho nipite barabarani nikimubebea santu yake, nikicheka?"

Oronzo aliuona ufunguo. Hakuhitaji mtafsiri. Aliipokea kofia yake kwa Nicole, lakini hakuivaa. Alisimama mbele ya Bahizire, akasema kwa Kiingereza chake, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye uzio walipokuwa akina mama wa kwaya.

"Nilikuita mwizi mbele ya watu. Sasa nasema mbele ya watu. Wewe si mwizi. Mimi nilikosa, na leo jioni nitakwenda kwenye kamati kuwaambia nilikosa. Ukibeba, utanipa heshima. Usipobeba, Roko hatoki. Sitampa mwingine."

Bahizire alitazama chini. Upepo ulipuliza sare yake ya buluu.

"Jibu mutu, Bahizire," Léocadie alisema. "Mandazi yanaungua."

"Mandazi unapika wewe."

"Nitapika je na wewe umesimama hapo kama santu?"

Bahizire alijikaza asicheke, akashindwa upande mmoja wa mdomo. Aliuchukua ufunguo, akaufuta mafuta kwenye suruali.

"Nitabeba," alimwambia Oronzo. "Lakini mpiko wa mbele, upande wa kushoto, ni wako, Papa. Utabeba pamoja na sisi."

Mzee alitandaza mikono. "Siwezi. Daktari amenikataza kubeba. Nyonga."

"Alikataza chuma," Bahizire alisema. "Karatasi hajakataza."

Nicole aliziba mdomo. Padri Aloyce alianza kusema jambo la tahadhari, akaona uso wa mzee, akaliacha.

"Na hivi vyuma?" Padri aliuliza badala yake. "Tuvirudishe ndani?"

Oronzo alitazama hema la Léocadie, lililosimama wima katikati ya mahema yaliyolala. "Viache hapo," alisema. "Wakalabria wanakuja kesho. Wakitaka kushika kitu kizito, washike hema."

Walimtoa Roko hadi mlangoni, kisha uani. Bahizire aliwaita wabebaji wawili waliokuwa wanafunga kamba, yeye akashika mpiko wa mbele kulia. Nicole alikunja taulo akaliweka juu ya nundu ya mzee.

"Ripoti yako, dada?" Padri alimnong'oneza Brigitha.

"Baadaye, Padri. Nishike kofia ya mtu."

Léocadie alizima jiko. Alianza wimbo akiwa bado na mwiko mkononi, na akina mama waliokuwa kwenye uzio wakaupokea. Machela ikapanda. Ilipanda kwa urahisi hata mzee Oronzo akatazama juu kuhakikisha kwamba kweli iko begani mwake. Mtakatifu akayumba kulia, mbwa akayumba kushoto.

"Mguu wa kushoto kwanza, Papa!"

"Ndio huu!"

"Huo ni wa kulia!"

"Wa kushoto ndio wenye nyonga!"

"Basi anza na wa kulia! Sisi tutakufuata!"

Wote wakabadilisha mguu. Walizunguka hema la Léocadie, wakapita mbele ya ukumbi, upepo ukiwasukuma mgongoni, wakarudi hadi mlangoni mwa kanisa. Bahizire aliamuru washushe.

"Bado," mzee Oronzo alisema kutoka chini ya mpiko. "Zungusha tena."